Nyuma ya Lori la Kokoto

Walimwita Mzito, na haikuwa kwa ajili ya mwili. Mwili wake ulikuwa wa kawaida tu. Mguu ndio uliokuwa mzito, mzito kwenye breki na mwepesi kwenye mafuta, na hiyo kwa dereva wa mlimani ni sifa. Kazi yake ilikuwa kubeba kokoto kutoka machimboni mpaka kwenye majengo mapya ya mjini, huko huko mlimani, kushusha, kurudi, kupakia tena. Bondeni alikuwa anapaona kwa mbali tu akiwa juu kwenye kona, pamelala kama mkeka. Hakuwahi kuendesha gari huko hata siku moja. Kokoto za mlimani zilijenga mlimani, basi.

Baba yake alipozikwa, Mzito alirudi kazini kesho yake. Watu wakasema huyu ana roho ya jiwe. Hakuwa nayo. Alirudi kwa sababu nyumbani hakujua mikono yake aiweke wapi, na kwenye lori mikono ilijua yenyewe. Bosi wake alimwambia, "Chukua lile jingine, hili tuliache kwanza lipumzike." Mzito akasema hili linamfaa. Tairi za nyuma, upande wa kulia, zilikuwa zimeshaoshwa.

Hakutoa chozi. Usingizi hakuukosa. Alikula alichowekewa na mkewe na sahani akairudisha jikoni mwenyewe. Akiulizwa habari anasema salama, na ukimtazama usoni unaona kweli hakuna kitu pale, kibaya wala kizuri, kama chumba kilichohamwa na watu wakafagia. Kilichobaki kinatembea humo ndani kilikuwa neno moja tu. Nilimwashia. Akibadilisha gia, nilimwashia. Akinawa mikono, nilimwashia.

Mambo yalikuwa hivi.

Mdogo wake wa mwisho, wa kike, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda, aliolewa bondeni na fundi wa friji. Mtu wa watu, mcheshi, mwepesi wa mkono. Baba yao alipoanza kutoona vizuri, Fundi ndiye aliyesema mzee aje bondeni, hospitali ya macho ipo, chumba kipo. Mzee akakaa kwa binti yake mpaka macho yakatengenezwa. Siku ya kumrudisha, Kitinda alibaki na mtoto, Fundi akamleta mzee kwa gari lake dogo. Kwenye harusi yao Fundi alipanda mlimani kwa basi, amelala njia nzima. Kushika usukani kwenye kona zile ilikuwa mara yake ya kwanza.

Kwa hiyo walikubaliana wakutane na Mzito kwenye kituo cha mafuta pale mwinuko unapoanzia, awaongoze.

Mzee alishuka garini na miwani yake myeusi ya hospitali, akaivua, akamtazama mwanawe kutoka juu mpaka chini.

"Mzito! Kumbe u mbaya hivi! Na miaka yote nimewaambia watu umefanana na mimi."

"Umefanana naye, mzee," Fundi akasema. "Ndiyo maana tumekununulia miwani, ukijitazama kwenye kioo isikuume."

Wakacheka watu wazima watatu, wameshikana mabega. Kisha Fundi akatazama juu, akapiga mluzi.

"Shem, hizi kona zenu nani alizichora? Alikuwa mlevi?"

"We nifuate mimi," Mzito akamwambia. "Usitazame kona. Tazama taa zangu, nitakuonyesha."

"Wewe ndiye macho yangu basi."

"Ndiyo mimi."

Mzee alitaka kupanda lori la mwanawe, lakini ngazi ya kabini ilikuwa juu na magoti yake hayakutaka. Akarudi kwenye gari dogo, akakaa mbele, kushoto kwa mkwewe.

Sasa, mlimani barabara imezungushwa kwenye kilima kama kamba kwenye mzigo, na aliye nyuma ya lori haoni chochote isipokuwa mgongo wa lori. Aliye mbele ndiye anayeona kwa niaba yake. Akiwasha indiketa ya mkono wa kulia anamwambia, kaa hapo hapo, upande huu una mtu. Akiwasha ya mkono wa kushoto anamwambia, nakupisha, pita. Hakuna chuo cha udereva kinachofundisha hayo, lakini mtoto yeyote wa mlimani aliyewahi kukaa dirishani anayajua kabla hajajua kusoma.

Kwenye kona ya tatu kutoka juu Mzito aliona basi linateremka. Akawasha ya kulia. Akatazama kwenye kioo, akaliona gari dogo linatoka nyuma yake, linakuja kulia, bila wasiwasi, kama mtu aliyekaribishwa. Fundi alipoliona basi alikata usukani kurudi kushoto, na kushoto kulikuwa na lori. Basi lilipita na kioo chake kimoja kimevunjika. Upande wa mzee ulibanwa kwenye tairi za nyuma za lori la kokoto, lori la mwanawe.

Kituoni, askari wa barabarani aliwauliza mmoja mmoja. Mzito akasema, "Nilimwashia ya kulia, akatoka." Fundi, mkono umefungwa kwenye kitambaa shingoni kwa sababu bega lilikuwa limevunjika, akasema, "Aliniwashia ya kulia, nikatoka." Askari alikuwa mtu wa mlimani. Akaona hawa hawabishani, mkosaji amekiri, akafunga jalada lake akaenda kunywa chai.

Msibani Fundi alimfuata Mzito nyuma ya nyumba.

"Shem, si uliniwashia?"

"Nilikuwashia."

"Sasa?"

"Hata mimi nakuuliza wewe. Sasa?"

Watu wakawaona, wakawatenganisha kabla hawajagusana, na hakuna aliyetaka kumgusa mwenzake. Kitinda alimuuliza mumewe, akajibiwa, "Kaka yako aliniambia nipite." Akamuuliza kaka yake, "Ulimwambia apite?" Akajibiwa, "Nilimwambia akae." Basi hapo mmoja ni mwongo, na Kitinda alikuwa amemjua kaka yake miaka mingi zaidi. Alilitoa begi lake kwenye mizigo ya mumewe, akaliingiza chumbani kwa Mama. Fundi akarudi bondeni kwa basi, peke yake.

"Aliyemuua baba yako kwa ubishi humlalii tena kitanda," Mama alisema, na akasema mara moja tu. Mama hakuwa mtu wa kurudia.

Binti wa Kitinda, ambaye hata viatu alikuwa bado anavalishwa, aliuliza siku za mwanzo baba yuko wapi. Halafu akaacha kuuliza.

* * *

Jumapili moja Kitinda alikuja machimboni, akamkuta kaka yake anakagua oili.

"Kaka, bosi wako anaweza kukuazima lori? Nataka nikachukue vitu vyangu. Kitanda, kabati, cherehani."

"Vyote?"

"Nikichukua nusu nitarudi kufuata nusu. Sitaki kurudi."

Mzito akafunga boneti. "Haya."

Hakumuuliza kama ana uhakika. Hata kama angetaka kuuliza, hakujua aulize kwa sauti gani.

Bosi akakubali. Wakafagia vumbi la kokoto, wakatandika turubai, wakateremka asubuhi, mtoto wamemwacha kwa bibi yake. Kitinda alikaa dirishani, mkoba mapajani. Walipopita kona ya tatu kutoka juu Kitinda alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba, na Mzito alikuwa anatazama mbele.

Bondeni barabara ilinyooka, na hapo ndipo ulimwengu ulipomgeukia Mzito. Gari likampita likapiga honi. Jingine likampita likapiga honi. Mlimani honi ni ya kona. Ukimpigia mtu mahali pengine umemtukana.

"Nimewakosea nini hawa?"

"Wanakusalimia," Kitinda akasema. "Huku honi ni mdomo. Asiyepiga wanasema ananuna."

Kwenye njia panda gari lililokuwa linakuja mbele lilimmulika kwa taa kubwa. Mzito akasimama kulipisha, kwa sababu kwao anayekumulika anakuambia nakuja mimi, kaa. Lile nalo likasimama. Likamulika tena. Mzito akaendelea kukaa. Mwenye gari akatoa mikono yote miwili dirishani.

"Baba, ingia! Au unasubiri nikushike mkono?"

"Amekupa njia, kaka. Nenda. Huku ukingoja hivyo utalala hapa."

Mzito akaenda. Alisikia masikio yanapata joto kidogo, kisha likapoa, kisha hakusikia kitu. Mambo ya ugenini, akawaza.

Wakafika nyuma ya lori refu la mafuta, zito kuliko lake, linatambaa. Barabara mbele ilikuwa inapanda kidogo sana, tumbo la ardhi tu, lakini lilitosha kuficha yanayokuja. Mzito akakaa nyuma. Dereva wa lori la mafuta akawasha indiketa ya kulia.

Mzito akainua mguu kwenye mafuta, akaacha nafasi.

Nyuma yake honi zikaanza. Kitinda alikuwa anahesabu vyombo kwa midomo, sufuria ipi ni yake na ipi ilikuwa ya nyumbani kwa mume. Akainua kichwa.

"Mbona umeganda? Si anakuambia upite?"

"Amewasha ya kulia."

"Ndiyo. Kulia kweupe. Pita basi, wenye haraka wanatukana."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Hivyo nini?"

"Kwamba ya kulia ni pita."

"Kaka, kila mtu. Nimekaa kiti cha mbele cha Fundi miaka yote. Ya kulia, kulia ni kweupe. Ya kushoto, jibane kushoto kwako. Kwani nyinyi mnafanyaje?"

Kitinda hakungoja jibu. Alikuwa amesharudi kwenye sufuria zake. Mlimani alikuwa anasafiri kwa basi, kiti cha nyuma, na tangu akiwa mtoto kona zilimtapisha, alipanda amefumba macho. Hakuwahi kuambiwa kaka yake aliwasha taa ya mkono gani. Alichoambiwa ni "nilimwambia akae" na "aliniambia nipite", basi.

Gari moja likatoka nyuma ya Mzito, likampita, likalipita lori la mafuta, likapiga honi ya asante. La pili hivyo hivyo. Halafu lori la mafuta likazima ya kulia, likawasha ya kushoto. Magari yote yakarudi kwenye mstari kama yamepigiwa filimbi. Basi likatokea juu ya lile tumbo la barabara, likapita kwa kasi, upepo wake ukalitikisa turubai.

Mzito aliona yote hayo. Mikono ilishika usukani. Aliitazama, ikawa kama ya mtu mwingine anayejua kazi. Lori la mafuta likawasha tena ya kulia, na safari hii akapita, kwa sababu watu walikuwa wanapiga honi, na alipomaliza kupita kidole chake kikabonyeza honi ya asante.

"Enhe," Kitinda akasema. "Umeanza kuwa mtu wa huku."

Njia iliyobaki Mzito aliwaza jambo moja, polepole, kama anavyopanda mlima. Aliona kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayelijua hili. Fundi halijui, Kitinda halijui, Mama halijui, askari ndiye kabisa. Akinyamaza, kabati litapanda mlimani, mdogo wake atashona nguo za watu kwenye baraza la Mama, Fundi atabaki muuaji, na yeye Mzito atabaki mtu aliyewasha taa ikapuuzwa. Huyo mtu alikuwa amemzoea.

* * *

Nyumba ya Fundi ilikuwa kwenye mtaa mwembamba, karakana mbele, vyumba nyuma. Friji mbili tatu zilisimama nje zimefunguliwa migongo. Fundi alitoka na mkono bado umefungwa shingoni. Alikuwa amekonda.

"Karibuni. Shem, karibu."

"Starehe."

Kitinda alipita ndani, na ndani akakuta kila kitu kimefungwa tayari. Vyombo vimezungushiwa magazeti. Cherehani imevikwa shuka na kufungwa kamba. Nguo za mtoto zimekunjwa, zile ndogo juu, kubwa chini, kama anavyozikunja mwenyewe. Akasimama akazitazama, kisha akazibeba.

Wanaume walibeba kabati, Mzito mbele, Fundi nyuma kwa mkono mmoja na paja. Jirani mmoja, mama mwenye ndoo, akasimama kuangalia.

"Fundi! Mke anahama na wewe unambebea?"

"Kabati zito, mama. Hataliweza."

"Mwanamume wa ajabu wewe."

"Shika hapo basi, tuwe wawili wa ajabu."

Yule mama akaenda na ndoo yake. Walipakia kitanda, wakapakia godoro, wakapakia cherehani mwisho, karibu na kabini ambako haitayumba. Mzito akafunga kamba. Alifunga vizuri, akavuta, akavuta tena. Fundi akampitishia ncha ya kamba chini ya lori, na vidole vyao vikagusana.

Kitinda akapanda kabini akafunga mlango. Alitazama mbele, kwenye ukuta wa nyumba ya watu.

Mtaa ule lori haliwezi kugeuka. Lazima litoke kinyumenyume mpaka barabara kubwa, na barabara kubwa ilikuwa imejaa. Fundi mwenyewe akaenda nyuma bila kuombwa, akasimama katikati ya barabara, mkono mzima juu, akasimamisha magari pande zote mbili.

"Njoo! Njoo, shem! Kata kulia kidogo. Njoo, kweupe. Njoo!"

Mzito alikuwa anarudi nyuma. Alikuwa haoni kitu isipokuwa kabati, na pembeni ya kabati, kwenye kioo, mkono wa Fundi. Mkono ulisema njoo, akaenda. Ulisema kata, akakata. Kama mkono ule ungesema njoo na pale pana mtoto amekaa, angeenda vilevile.

Akakanyaga breki. Akazima injini.

"Nini?" Kitinda akasema.

Lori lilikuwa nusu mtaani, nusu barabara kubwa. Honi zikalipuka kulia na kushoto. Mzito akashuka, akatembea mpaka nyuma, akasimama mbele ya Fundi.

"Mbona umezima? Bado kidogo tu."

"Siku ile nilikuwashia ya kulia."

Uso wa Fundi ukachoka. "Najua, shem. Niliwaambia polisi. Nilikuambia wewe. Unataka nimwambie nani tena?"

"Kwetu ya kulia ni kaa."

Fundi alikuwa bado ameinua mkono, anazuia magari.

"Kaa?"

"Kaa. Usitoke. Kuna mtu anakuja."

"Na ya kushoto?"

"Ya kushoto ndiyo pita."

Mkono wa Fundi ukashuka wenyewe. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani. "Wazee, hicho kikao si mkafanyie ndani? Sisi tuna safari!"

"Nani alisema?" Fundi akauliza. "Nani aliamua iwe hivyo?"

"Hakuna. Ndivyo tunavyofanya."

"Hukuniambia."

"Sikujua kama kuna watu wanafanya vingine. Nimejua leo."

Fundi akageuka akatazama magari, kama mtu anayetafuta gari fulani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana kwa mahali pale, "Nilifikiri umeona kweupe. Wewe ndiye uliyekuwa juu."

"Niliona basi."

Kitinda alikuwa ameshashuka. Alikuwa amesimama pembeni ya tairi za nyuma, zile zile, na alikuwa amesikia. Hakumtazama mumewe kwanza. Alimtazama kaka yake.

"Umejua leo saa ngapi?"

"Kwenye lile lori la mafuta. Uliponiambia nipite."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Umepakia kitanda changu. Umefunga kamba."

"Ndiyo."

"Ungenyamaza mpaka nyumbani?"

"Nilikuwa naelekea huko."

Kitinda alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa bei na hajaamua. Halafu akamgeukia Fundi.

"Uliniambia kaka alikuambia upite. Nikakuita mwongo."

"Uliniita na mengine."

"Na mengine." Alifuta vumbi kwenye kitambaa kilichoshika mkono wa mumewe, vumbi la kabati, akafuta mara mbili. "Funga karakana. Panda. Twende kwa Mama."

"Na vitu?"

"Viache humo humo."

* * *

Walikaa watatu kabini, Kitinda katikati. Kwenye kituo cha mafuta pale mwinuko unapoanzia Mzito aliongeza mafuta, na wote watatu wakatazama mahali tofauti. Kwenye kona ya tatu kutoka juu Fundi alishika kishikio cha mlango kwa mkono wake mzima, akakishika mpaka kona ikaisha.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi, mjukuu yuko miguuni pake anachezea maganda. Jua lilikuwa bado linaingia mlangoni. Alimwona Fundi, kisu kikasimama, kisha kikaendelea.

Mzito akaeleza. Alieleza amesimama, kwa maneno machache, kulia ni hivi kwetu, kulia ni hivi kwao. Akasema pia kwamba alijua asubuhi na hakusema mpaka mchana. Alisubiri atokwe na kitu akishasema, machozi, jasho, chochote. Hakikutoka kitu. Aliona tu kwamba lile neno, nilimwashia, halitembei tena. Mahali pake pamebaki patupu.

Mama alimaliza kiazi. Akakitia majini.

"Bega lako vipi, mkwe?"

"Linaendelea, mama."

"Nilimwambia huyu asikulalie kitanda."

"Nilisikia."

"Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe, kwenye simu. Alipiga kelele mpaka wateja wangu wakasikia."

"Ana mdomo." Mama akachukua kiazi kingine, akakigeuza mkononi, hakukimenya. "Mume wangu alisema nini humo garini? Hakuna mtu aliyeniambia alisema nini."

Mpaka leo hakuna aliyeweza kumwambia, maana aliyekuwa garini na mzee alikuwa mmoja tu, na hakuna aliyemuuliza.

"Tangu tunatoka hospitali alikuwa anasoma," Fundi akasema. "Kila bango, kila duka. Muuza rangi, kinyozi, chapa za magari, anasoma kwa sauti kama yuko darasani. Nikamwambia mzee utayachosha haya macho siku ya kwanza. Tulipoanza kupanda akasema, huku sasa sina haja ya kutazama, huku napajua. Akavaa miwani yake, akalala."

"Alilala."

"Alikuwa anakoroma, mama. Angekuwa macho angeniambia kaa. Nimekuwa nalifikiria hilo tangu tunatoka bondeni. Yeye alijua."

Mama akaweka kisu chini. Mtoto alikuwa ameacha maganda, anamtazama mtu aliyesimama mlangoni, hajaamua kama amwendee.

"Basi alilala," Mama akasema. Akafuta mikono kwenye gauni. "Mzito, mbona vitu havishuki? Jua linaenda."

Mzito akamtazama Kitinda.

"Havishuki, mama," Kitinda akasema. "Kesho vinarudi."

Mama akachukua kisu. "Haya. Viazi havitatosha watu wote hawa. Ongeza."

* * *

Asubuhi waliteremka tena, mtoto amelala kwenye mapaja ya baba yake, kabati linagonga gonga nyuma. Ukungu ulikuwa bado haujainuka vizuri. Walipozipita kona tatu za juu gari dogo likaja nyuma yao, likajibana karibu, likawa linachungulia. Dereva wake alitaka kupita.

Mbele, kwa chini, Mzito aliona lori linapanda.

Mkono wake ulienda kwenye indiketa kama ulivyokwenda maisha yake yote, ukasimama katikati. Akatazama kwenye kioo. Aliona kioo cha mbele cha gari lile, na nyuma ya kioo uso wa mtu. Hakuna kitu kwenye uso kinachosema mtu alijifunzia udereva wapi.

"Shem," Fundi akasema.

"Nimemwona."

Hakuwasha kitu. Alikaa katikati ya upande wake, akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka lori lile likapita likipanda. Kisha pale ukingo wa barabara ulipopanuka akaingia pembeni, tairi za kushoto kwenye changarawe, akasimama kabisa, akavuta breki ya mkono. Gari dogo likapita. Dereva akageuza shingo kuwatazama, kwa mshangao, labda aliwaza wameharibikiwa.

Mzito alingoja mpaka likapotea kwenye kona inayofuata. Kitinda hakuuliza kwa nini. Walikaa hapo injini inaunguruma, mtoto anakoroma kidogo, na barabara mbele na nyuma haikuwa na mtu. Ndipo akatia gia.